Waokoaji wa majini: namna ya kuwatafuta na kuwafundisha kwenye maziwa yetu

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, mjini Goma. Barabara ya Minova kwenda Goma ilikuwa imekatwa na vita, na kwa hiyo watu wengi pamoja na mizigo yao walilazimika kupitia ziwani. Gavana wa Kivu ya Kusini alitangaza kwamba watu wasiopungua 78 wamekufa. Boti haikuzama katikati ya ziwa usiku wa giza. Ilizama mchana, mbele ya macho ya watu waliokuwa ufukoni.

Wapendwa wasomaji, tangu siku ile watu wamesema mengi juu ya boti kujazwa kupita kiasi, juu ya majile ya kuelea yanayokosekana na juu ya barabara zilizofungwa. Maneno hayo ni ya kweli na yanapaswa kuendelea kusemwa. Lakini kuna ulizo lingine ambalo halisikiki sana: kwenye fuko zetu, kutoka Kasenyi na Tchomia mpaka Vitshumbi, kutoka Goma, Idjwi na Bukavu mpaka Uvira, Baraka, Kalemie na Moba, ni nani aliyefundishwa kumtoa mtu majini? Makala hii inaeleza mwokoaji wa majini ni mtu gani, anatafutwa namna gani, anafundishwa nini, na makanisa ya mahali yanaweza kusaidia wapi.

Ukubwa wa msiba huu

Shirika la Afya Duniani (OMS) linakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 hivi walikufa maji duniani. Zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa katika nchi zenye mapato madogo au ya kati, kama nchi yetu. Karibu robo yao walikuwa watoto wasiofikisha miaka 5. Kwa sababu ya hesabu hizo, mwaka 2021 Umoja wa Mataifa uliweka tarehe 25 Julai kuwa siku ya dunia ya kuzuia vifo vya maji.

Vifo vingi vya namna hii havitangazwi kwenye redio. Boti kubwa ikizama, dunia nzima inasikia. Lakini mtoto aliyetumwa na bidon kuchota maji wakati bomba zimekauka, mvuvi wa sambaza au ndakala aliyeanguka usiku, mama aliyeteleza akifua nguo, kijana aliyekwenda kuoga na wenzake Siku ya Bwana baada ya ibada, hao wanaliliwa nyumbani kwao tu. Hakuna anayeandika. Kesho yake watoto wengine wanarudi mahali palepale na mabidon yao.

Kwa nini ujasiri peke yake hautoshi

Watu wengi wanafikiri kwamba mtu anayezama anapiga kelele na kupunga mikono. Mara nyingi sivyo. Mtu anayezama kweli hana pumzi ya kuita. Mdomo wake unazama na kutoka, kichwa kimerudi nyuma, mikono inasukuma maji kwa pembeni kama mtu anayetafuta kitu cha kuegemea. Haendi mbele wala nyuma. Hali hiyo inaweza kudumu kwa muda wa chini ya dakika moja, kisha anashuka. Ndiyo sababu mtoto anaweza kuzama katikati ya watu wanaocheka, na kila mmoja akafikiri kwamba anacheza.

Jambo la pili ni hili: anayezama anashika chochote kilicho karibu. Kama kilicho karibu ni wewe, atapanda juu ya mabega yako na kukusukuma chini ili yeye apate pumzi. Hafanyi hivyo kwa ubaya. Mwili wake ndio unaomwamuru. Basi kaka anamrukia mdogo wake, baba anamrukia mtoto wake, rafiki anamrukia rafiki, na jioni familia inaomboleza watu wawili au watatu. Aliyeruka hakukosa upendo wala moyo. Alikosa mafundisho, na alikosa kitu cha kuelea mkononi.

Kwa hiyo somo la kwanza la mwokoaji yeyote duniani ni ngazi ya hatua tano, na kuogelea ni hatua ya mwisho. Hatua ya kwanza ni kuita msaada na kusema na anayezama: mwelekeze, mwambie ageuke alale chali, apige miguu. Ya pili ni kumnyoshea kitu ukiwa umelala au umepiga magoti mahali pa imara: mti, kasia, kitenge kilichosokotwa, mshipi. Ya tatu ni kumtupia kitu kinachoelea, kikiwa na kamba. Ya nne ni kumfikia kwa mtumbwi. Ya tano, kama zote zimeshindikana na kama umefundishwa, ni kuogelea kumwendea, ukiwa na kitu cha kuelea ambacho utakiweka kati yako naye.

Anayejua ngazi hii anaweza kuokoa hata kama hajui kuogelea. Asiyeijua, hata akiwa mwogeleaji hodari kuliko wote kijijini, anaweza kuongeza jeneza la pili.

Mwokoaji wa majini ni mtu gani

Katika Kiswahili chetu cha kanisa, Mwokozi ni mmoja. Hapa tunasema mwokoaji, yule ambaye Wafaransa wanamwita sauveteur: mtu aliyepewa mahali pa kulinda, saa za kulinda, vifaa na mafundisho. Wengi wanamfikiria kama mtu wa kuruka majini. Kweli, kazi yake kubwa inafanyika akiwa nchi kavu.

Ana kazi tatu. Ya kwanza ni kuzuia: kuwaambia watoto wasipite alama, kumkataza aliyelewa asiingie majini, kumwambia mwenye mtumbwi kwamba upepo umegeuka. Ya pili ni kuangalia: macho yake hayatoki kwenye maji, hachezi na simu, hajibu maneno ya watu huku amegeuza mgongo. Ya tatu ni kuokoa. Mwokoaji mzuri anamaliza siku nyingi bila kulowa. Watu watafikiri hakufanya kitu, na hapo ndipo amefanya kazi yake vema.

Hilo linaleta shida wakati wa kutafuta watu. Tukitangaza tu kwamba tunataka vijana hodari wa kuogelea, watakuja wanaopenda kuonekana. Tunahitaji wanaoweza kukaa saa nzima wakitazama maji bila kuchoka moyo, na wanaosikilizwa wanaposema “toka majini”.

Nani wa kuitwa

Mahali pazuri pa kuanzia ni pale ambapo watu wamekwisha kuzoea maji. Nchini Bangladesh, kwenye ufuko mrefu wa Cox's Bazar, huduma ya waokoaji iitwayo SeaSafe ilijengwa kwa kuwafundisha vijana wa palepale, waliojua mawimbi na mikondo ya pwani yao tangu utoto. Waingereza wa RNLI, chama cha kuokoa watu baharini kilichoanzishwa mwaka 1824, walisaidia kwa mafundisho na fedha, lakini waliosimama ufukoni walikuwa wenyeji. Mgeni hawezi kujua ufuko kama aliyekulia hapo.

Kwetu, watu hao ni akina nani? Kwanza ni wavuvi. Wanajua upepo, wanajua mahali ambapo ziwa linashuka ghafula, wana mitumbwi, na mara nyingi ndio wa kwanza kufika. Wengine wao hawajui kuogelea vizuri, nalo si jambo la kuwacheka: wanaweza kuwa watu wa mtumbwi na wa kamba, na kujifunza kuogelea polepole.

Pili ni wapakiaji na wenye maboti kwenye bandari ndogo. Wako pale tangu alfajiri mpaka jioni. Tatu ni mama na wasichana. Mahali pa kufulia na kuchotea maji panajaa wanawake na watoto, na mara nyingi hapana mwanaume hata mmoja. Kama waokoaji wote ni vijana wa kiume, mahali pale panabaki bila mlinzi. Tena wako wazazi wasiotaka mwanaume amfundishe binti yao kuogelea. Mwalimu mwanamke anafungua mlango huo. Huko Nungwi, Zanzibar, mradi wa Panje ulifundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kuwasitiri mwili mzima, na wanawake waliojifunza wakawa walimu wa wengine. Heshima ya mavazi haikuwa kizuizi tena.

Nne ni vijana wa shule wanaokaribia kumaliza. Waokoaji wa maji ya wazi huko Marekani wanapokelewa kuanzia miaka 16. Kwetu ni busara kuwaanzisha vijana wa umri huo katika masomo, na kuwapa zamu ya peke yao wanapofikisha miaka 18, kwa ruhusa ya wazazi iliyoandikwa.

Tangazo lisomwe kanisani, lakini lisiishie kanisani. Lifike msikitini, kwenye chama cha wavuvi, kwa chefu wa mtaa, kwenye kituo cha afya. Maji hayaulizi mtu anasali wapi.

Kuwapima kabla ya kuwapokea

Baada ya wito, wapimeni watu kwa utaratibu unaojulikana na wote, ili asije mtu akasema fulani amechaguliwa kwa sababu ni mtoto wa mzee wa kanisa.

Jambo la kwanza ni afya. Kituo cha afya kiangalie moyo, pumzi, macho na masikio, na kiulize juu ya kifafa. Mtu mwenye kifafa anaweza kutumika kwa njia nyingine, katika kuandika au kufundisha watoto nchi kavu, lakini asiwekwe majini.

Jambo la pili ni kuogelea. Chama cha waokoaji cha Marekani, USLA, kinadai mwombaji aogelee meta 500 kwa dakika 10 au chini yake. Hicho ni kipimo cha kufikia. Si lazima kiwe mlango wa kuingilia. Kikundi kinachoanza kinaweza kuwapokea wanaoweza kuogelea meta 200 bila kusimama na kuelea wima kwa dakika kadhaa, kisha kuwafundisha mpaka wafike. Ila asifungiwe njia mtu wa kamba na mtumbwi kwa sababu ya kasi. Apewe kazi inayomfaa, na ijulikane wazi kwamba hatua ya tano si yake.

Jambo la tatu ni tabia, na hili msilipitie haraka. Ulizeni majirani: anakunywa? Anafika kwa wakati? Anaweza kumkataza tajiri mwenye boti? Anapokatazwa yeye, anatii? Mwokoaji asiyetii mkuu wake atamwacha mwenzake peke yake majini. Na kwa kuwa atakuwa karibu na watoto kila siku, kanisa lihakikishe kwamba hakuna neno baya juu yake katika jambo hilo.

Wanafundishwa nini

Huko Marekani, kozi ya mwokoaji wa maji ya wazi inachukua saa 40 au zaidi, na kila mwaka anarudia mafunzo. Kwetu saa hizo zinaweza kugawanywa katika majuma matano au sita, asubuhi kabla ya upepo kuamka, ili mvuvi asipoteze kazi yake yote. Masomo ni haya.

Somo la kuangalia. Mwanafunzi anafundishwa kugawa maji katika sehemu na kuzipitia kwa macho moja baada ya nyingine: karibu, mbali, kushoto, kuume, kisha tena. Anahesabu vichwa. Anajifunza dalili za anayezama tulizozitaja. Zamu ya macho isiwe ndefu: baada ya nusu saa au saa moja mwenzake ashike nafasi, kwa maana macho yaliyochoka yanatazama bila kuona.

Somo la kamba na vifaa. Kila mmoja arushe kamba mara nyingi, mpaka iangukie nyuma kidogo ya bega la anayezama, si mbele ya uso wake. Arushe akiwa amepumzika, kisha arushe tena baada ya kukimbia, kwa kuwa siku ya ajali mikono inatetemeka.

Somo la mtumbwi. Anayeokolewa asivutwe kwa ubavu, kwa sababu mtumbwi mwembamba utapinduka. Anyoshewe kasia au kamba, ashike nyuma au mbele, apewe maneno ya kumtuliza, kisha apandishwe taratibu au avutwe mpaka ufukoni akiwa ameshika.

Somo la kuogelea na mtu. Hapa wanajifunza kukaribia kutoka nyuma, kusimama mbali kidogo na kusukuma kitu cha kuelea mbele, kujitoa mikononi mwa anayekushika kwa kuzama chini naye, maana atakuacha ili atafute hewa, na kumvuta mtu aliyezimia huku uso wake ukiwa juu.

Somo la alama na sauti. Katika nchi nyingi bendera yenye nyekundu juu na njano chini inaonyesha kwamba mahali hapa pana walinzi. Bendera nyekundu peke yake inamaanisha hatari, usiingie. Filimbi nayo iwe na lugha moja kwa kikundi kizima: mlio mmoja kwa waogeleaji, miwili kwa mwenzako, mitatu kwa ajali, au mpango mwingine mtakaopatana. Kilicho muhimu ni kwamba wote waujue.

Hatari za maziwa yetu wenyewe

Kitabu cha mafunzo kutoka ng'ambo kitafundisha mawimbi ya bahari. Kwetu kuna mambo mengine, na lazima yawe na nafasi katika kozi.

Ziwa Kivu lina kina cha meta 485 hivi, na sehemu nyingi pembeni mwake linashuka ghafula. Mtoto anasimama maji yakimfikia kiunoni, anapiga hatua moja, na chini hakuna kitu. Kwa hiyo alama ya mwisho ya kuoga iwekwe kabla ya mteremko, na mwokoaji mwenyewe aupime kwa mti mrefu kabla ya kuweka alama.

Pembeni ya Kivu upande wa kaskazini, kuanzia Goma kuelekea Sake na ghuba ya Kabuno, kuna mazuku. Ni hewa nzito ya kaboni inayotoka ardhini na kulala mahali pa bonde, bila rangi. Imekwisha kuua wanyama na watu, pamoja na waliokwenda kuoga. Ni hatari zaidi usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Mwokoaji akiona mtu ameanguka ufukoni mahali pa chini bila sababu inayoonekana, au akiona ndege na panya wamekufa hapo, asikimbilie. Asiiname. Azuie wengine, aite msaada, na mtu avutwe kwa kamba au mti kutoka mahali pa juu ikiwezekana. Hapa tena sheria ni ileile: usiwe wa pili.

Maji ya maziwa yetu si baridi kama ya Ulaya, lakini yanapoa kuliko mwili. Mtu aliyekaa saa nyingi majini baada ya boti kuzama anapoteza joto, vidole vinakataa kushika, akili inalegea. Wafundishwe abiria pia: kaa na kitu kinachoelea, kunja magoti kifuani, shikamaneni pamoja, usijaribu kuogelea mbali ukiwa peke yako.

Kwenye Tanganyika, upepo wa kusini wa kiangazi unainua mawimbi makubwa, na karibu na mdomo wa Ruzizi kuna mamba na viboko. Kwenye ziwa Edward viboko ni wengi. Mahali kama hapo kazi ya mwokoaji ni kuchagua pamoja na chefu mahali pengine pa kuchotea maji, au kuomba ujengwe uzio wa miti ndani ya maji. Hakuna mafunzo ya kuogelea yanayomshinda mamba.

Akishatolewa majini

Kumtoa mtu ni nusu ya kazi. Fuko nyingi zina desturi ya kumning'iniza aliyezama kichwa chini, au kumkandamiza tumbo ili maji yatoke. Desturi hiyo inapoteza dakika za thamani, na inaweza kuleta matapishi yaingie kwenye mapafu. Aliyezama anakufa kwa kukosa hewa. Anachohitaji kwanza ni hewa.

Mlaze chali mahali pagumu. Mwite, mguse. Inua kidevu, rudisha kichwa nyuma kidogo, tazama kama anapumua. Kama hapumui vizuri, funga pua yake, mpulizie mdomoni mara 5, kila mara ukitazama kifua kipande. Kama hajaamka, weka mikono katikati ya kifua na ukandamize mara 30, kwa nguvu na kwa haraka: kwa mtu mzima sentimeta 5 au 6 kushuka chini, mwendo wa mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Kisha mpulizie mara 2, kandamiza tena 30, na kuendelea hivyo bila kuacha mpaka apumue, au mganga afike. Wawili wapokezane, kwa maana mikono inachoka. Kwa mtoto mdogo nguvu inapunguzwa: theluthi moja ya unene wa kifua chake.

Akianza kupumua, mgeuze alale kwa ubavu, mvue nguo zilizolowa, mfunike. Hata kama anasema ni mzima, apelekwe kituo cha afya, kwa kuwa aliyevuta maji anaweza kushindwa kupumua saa kadhaa baadaye.

Mambo haya yanasahaulika upesi. Kikundi kifanye mazoezi kila mwezi, na muuguzi wa kituo cha afya awe mwalimu.

Vifaa bila mali nyingi

Tusikae tukingoja boti la injini kutoka kwa mfadhili. Bidon tupu la lita 20, lililofungwa kifuniko vizuri, linaweza kumshikilia mtu mzima juu ya maji, kwa sababu mwili wa mtu ndani ya maji una uzito mdogo. Bidon la lita 5 lenye maji kidogo ndani ili liruke vizuri, likifungwa kamba ya meta 15 au 20, ni kifaa cha kurusha kinachofaa kabisa. Mpira wa ndani wa tairi unafaa pia. Ongezeni mti mrefu, filimbi, bendera mbili, mtumbwi mmoja usiovuja wenye makasia, na simu yenye namba ya kituo cha afya iliyoandikwa kwa rangi ubaoni. Vitu hivi vining'inizwe mahali pa wazi, na mtaa mzima ujue kwamba kuviiba ni kuiba pumzi ya mtu.

Daftari nalo ni kifaa. Waandike tarehe, saa, mahali, umri na jinsi ilivyotokea, kwa kila aliyezama na kila aliyeponea chupuchupu. Baada ya miezi 6 daftari litaonyesha mahali pabaya na saa mbaya. Hapo ndipo mtajua mlinzi akae wapi.

Nani atawalisha walinzi

Vikundi vingi vya kujitolea vinakufa kwa sababu moja. Kijana anakaa ufukoni siku nzima na kurudi nyumbani mikono mitupu. Mwezi wa kwanza anafurahi, wa tatu anachoka, wa tano ameondoka kutafuta chakula. Hatuna haki ya kumlaumu.

Hata kwa wenye wafadhili shida ni hiyo. Huduma ya Cox's Bazar ilipofika mwaka 2025 iliingia katika wasiwasi mkubwa kwa sababu fedha za nje zilikuwa zinaisha. Anayeanza kwetu ajue tangu siku ya kwanza nani atatoa posho. Wenye maboti wanaweza kutoa kiasi kidogo kwa kila safari. Chama cha wavuvi kinaweza kutoa samaki. Kanisa linaweza kutoa sadaka maalumu mara moja kwa miezi 3. Zamu ziwe fupi, na ziwekwe kwenye saa ambazo daftari limeonyesha ni za hatari, kuliko kuahidi ulinzi wa kutwa usiowezekana. Ahadi ya ulinzi isiyotimizwa ni mbaya kuliko kutokuwa na ulinzi, kwa maana wazazi watamwacha mtoto wakijua kuna mlinzi, naye hayupo.

Makanisa yanaanzia wapi

Jumuiya zetu nyingi zinabatiza ziwani au mtoni. Baba mchungaji anaingia majini na watu 30 au 50, wengi wao hawajui kuogelea, na umati uko ukingoni na watoto wake. Hapo ndipo pa kuanzia. Kila ubatizo wa majini uwe na waokoaji wawili angalau: mmoja ndani ya maji upande wa kina, mwingine ukingoni na kamba. Mahali papimwe kwa mti siku moja kabla. Watoto wakae nyuma ya kamba pamoja na mama waliochaguliwa. Mambo haya hayaondoi utukufu wa siku. Yanailinda.

Tena shule zetu zinaweza kufundisha ngazi ya hatua tano darasani, bila maji, kwa kamba na bidon uwanjani. OMS yenyewe inashauri watoto wa shule wafundishwe kuogelea na usalama wa maji, na watu wa kawaida wafundishwe kuokoa bila kujiangamiza. Vituo vya afya vya jumuiya vina wauguzi wanaoweza kufundisha kurudisha pumzi. Vikundi vya akina mama vinaweza kupanga mahali pa kuwatunza watoto wadogo wakati wazazi wako sokoni au shambani. Hakuna kati ya haya yanayongoja amani ije kwanza.

Mwokoaji hataondoa vita barabarani wala hatapunguza mzigo wa boti uliokwisha kuondoka. Wenye mamlaka wana kazi yao, na tuendelee kuwadai. Lakini kati ya maji na mama anayelia kuna dakika chache, na katika dakika hizo asiyekuwapo hawezi kusaidia. Siku ya Bwana ijayo, baada ya matangazo, mzee mmoja anaweza kusimama na kuuliza: nani kati yetu anajua kuogelea, nani ana mtumbwi, nani ni muuguzi? Waandike majina. Orodha hiyo ndiyo mwanzo wa kikundi.

Mungu awalinde wote wanaosafiri majini, na awape nguvu watakaosimama ukingoni kuwaangalia.